Tui Katika Sufuria ya Rabi

Makame alikuwa akimwaga maji ya moto juu ya meza ya chuma, na Rabi Gelman alikuwa amesimama nyuma yake akiangalia maji yanafika wapi.

"Hiyo pembe bado," alisema rabi.

"Nimeipitia."

"Mvuke ndiyo imepita. Maji haijafika."

Makame akageuza birika akaimwagia ile pembe polepole, mpaka maji yakachuruzika sakafuni na kumlowanisha viatu. Alikuwa mpishi tangu ujana wake, Unguja kwanza, kisha Maskati, na sasa Doha, na hakukumbuka kama kuna mtu aliyewahi kumfundisha kuosha meza. Lakini hakuwa mwepesi wa kuhukumu. Alipenda kuliona jambo mara kadhaa kabla ya kulipa jina, na jambo la huyu rabi alikuwa bado analitazama.

Ulikuwa mwaka 2008. Hoteli yao ya Al Sadd ilikuwa imepokea mkutano wa watu wa dini, masheikh, maaskofu na Wayahudi wachache waliotoka nchi mbalimbali. Wale Wayahudi wana sheria zao za chakula, kwa hiyo mudiri wa hoteli alitoa jiko dogo la nyuma, lililokuwa likitumika kuoka keki, liwe lao mpaka mkutano uishe. Rabi alitangulia kuja kulitayarisha. Aliichoma tanuri kwa moto wa gesi mpaka chuma kikawa chekundu. Akaleta masufuria mapya, visu vipya, hata kibati kipya cha kukunia karoti. Kila alipotoka kwa muda mrefu alilifunga kabati la vyombo kwa utepe, akaandika juu yake herufi ambazo hakuna mwingine aliyezijua.

Siku ya kwanza Makame alimwambia mpwa wake Tatu, kwa Kiswahili na kwa sauti ya kawaida, "Huyu anatuona sisi wachafu."

Rabi akageuka. "Hapana, bwana. Hii jiko si chafu. Ni vile ilipika vitu zingine mbele yetu."

Tatu aliangusha mwiko. Ilibainika kwamba rabi alizaliwa Nakuru, baba yake akiuza vipuri vya trekta, na akakaa huko mpaka akawa kijana. Sasa alikuwa rabi wa kundi dogo la waumini katika mji mmoja wa kaskazini mwa Uingereza. Alisema hayo akitabasamu, kama anayewapa zawadi. Makame hakuiona zawadi. Mzungu anayejua Kiswahili chako amekunyang'anya mahali pa kusemea. Tangu saa ile yeye na Tatu walizungumza kwa macho.

"Buda, huyo msee ni wa kucheki," alisema Omondi, mlinzi Mkenya aliyewekwa kwenye mlango wa nyuma wa jiko lile. "Umeona vile anatoka? Anaaga kabisa, ati naenda mkutanoni. Hata chai yangu haijapoa, huyo amerudi. Hiyo ni mbinu ya polisi."

"Labda kasahau kitu."

"Kila saa anasahau? Na mbona kila asubuhi lazima awashe moto ni yeye? Kiberiti hamwezi kushika nyinyi? Anasema nini akiwasha?"

"Hasemi kitu."

"Basi anafikiria kitu."

Makame alicheka kidogo, lakini neno lilimkaa moyoni. Kweli, asubuhi hakuna aliyegusa moto mpaka rabi aje. Yeye ndiye aliyewasha, kisha akasogea pembeni akawaachia kazi yote, kukata, kukaanga, kukoroga. Alipasua mayai moja moja kwenye glasi, akayainua kwenye mwanga akitafuta tone la damu. Aliambua majani ya kabichi akitafuta mdudu. Makame alijiuliza, mtu asiyeamini hata kabichi ataniaminije mimi?

Hofu yake, hata hivyo, haikuwa juu yake mwenyewe. Tatu alikuwa mtoto wa dada yake marehemu. Alikuja Doha kufanya kazi za ndani katika nyumba moja Abu Hamour, na humo alilala sakafuni kwenye chumba cha kufulia, na simu yake ikakaa kabatini kwa mama mwenye nyumba. Makame alihangaika mpaka hoteli ikakubali kumchukua kwa majaribio, na kafili wake, yule mwajiri mwenye kibali chake cha kukaa nchini, akakubali kumwachia kwa shingo upande, kwa sharti moja. Hoteli ikimkataa kabla majaribio hayajaisha, anarudi nyumba ile ile. Shefu Tannous, mkubwa wa majiko yote, Mlebanoni asiyerudia neno, alimweka Tatu jiko la rabi kwa sababu hakukuwa na mtu mwingine wa kumtoa. Alimwambia Makame mbele yake, "Huyu anaosha na kumenya. Sufuria haigusi. Likiharibika jambo lolote humu, wa kwanza kuondoka ni yeye."

Kwa hiyo Makame alimchunga Tatu, rabi akawachunga wote wawili, na Omondi akamchunga rabi.

Jumatano ile, meza ilipokwisha kuoshwa, mtumishi alileta kapu la matunda ya kupambia meza za wageni, mananasi, maembe na nazi zilizokwisha kufuliwa makumbi. Rabi akayapitia kwa macho.

"Tunda nzima haina swali," alisema. "Ikikatwa nje, hapo ndiyo swali inaanza."

"Na nazi?" aliuliza Tatu. Ilikuwa mara yake ya kwanza kumsemesha.

"Nazi pia ni tunda. Haina swali."

Tatu akaitikia kwa kichwa na kurudi kwenye viazi vyake.

Baadaye simu ya rabi ililia, naye akaipokea pale pale karibu na sinki, kwa Kiingereza. Makame alikijua Kiingereza cha kutosha. Upande wa pili alikuwa bibi mmoja wa kundi lake, na sauti yake ilisikika mpaka nje ya simu. Kijiko cha maziwa kilikuwa kimemtumbukia kwenye supu ya kuku, na kwao nyama na maziwa havikutani. Rabi hakumgombeza. Aliuliza maswali tu, kwa upole, kama daktari. Kijiko kilitumika lini mara ya mwisho? Sufuria ni kubwa kiasi gani? Supu ilikuwa inachemka au imepoa? Mwisho akacheka, akamwambia ale supu yake, na asimwambie dada yake.

Makame alijiruhusu kuuliza. "Kazi yako ndiyo hiyo? Kujibu vijiko?"

"Vijiko, ndoa, mazishi. Mtoto amekataa shule. Paa ya sinagogi inavuja na kamati inapigana. Watu wanadhani rabi ni kama padri, ati anaondoa dhambi. Mimi siondoi kitu. Mimi naulizwa."

"Kamati ndiyo inakulipa?"

"Inanilipa na inaweza kunifukuza. Mkataba yangu inaisha mwaka ujao."

"Kumbe na wewe una kafili," alisema Tatu kutoka kwenye viazi.

"Ninao kumi na mbili," alisema rabi, "na hawapatani."

Tatu alicheka. Makame hakucheka. Alikumbuka ni mabosi wangapi waliomchekesha kwanza. Bosi wa Maskati alikuwa hodari wa hadithi, na siku iliyopotea kisanduku cha zafarani alimwita kila mtu kwa upole, akamwambia kila mtu, niambie tu ukweli, hakuna kitakachotokea. Aliyesema ukweli alipandishwa ndege kurudi kwao.

Alhamisi waliinjika nyama. Ilikuwa nyama ya wageni ya Ijumaa jioni, siku yao kubwa, na jua la Ijumaa likishatua hawapiki tena mpaka Jumamosi iishe, kwa hiyo kila kitu lazima kiwe tayari mapema. Nyama yenyewe ilitoka nje ya nchi ikiwa imegandishwa, imefungwa mihuri miwili, na haikuwapo nyingine. Rabi akawasha moto. Makame akatia nyama, vitunguu, karoti, chumvi, pilipili manga. Ndivyo karatasi ya Shefu ilivyosema, nyama ya kuchemsha na viazi.

Tatu aliitazama sufuria kama mtu anayetazama mgonjwa. "Mjomba, ndiyo basi?"

"Ndiyo basi."

"Wageni wote hao, na nyama ya kuchemsha kama ya hospitali?"

"Menya viazi."

Simu ya rabi ikalia. Safari hii hakucheka. Alisikiliza, akaketi kwenye ndoo iliyogeuzwa, akasema maneno machache kwa sauti ya chini. Mzee mmoja wa kundi lake alikuwa amefariki, na mjane hakujua amwite nani kwanza. "Nitakuwa hapo nje," alimwambia Makame, akatoka kwenda uani, simu sikioni.

Hazikupita dakika nyingi, Shefu akamwita Makame jiko kubwa kusaidia kuinua masufuria ya pilau. Hakuna anayekataa wito wa Shefu. Kazi ile ilimshika kuliko alivyotaka, na aliporudi alisikia harufu kabla ya kufungua mlango. Ilikuwa harufu ya nyumbani kwa dada yake, sikukuu, mchana.

Mchuzi ulikuwa mweupe.

Tatu alisimama kando ya sufuria, mikono nyuma. "Ni tui tu, mjomba. Nazi za kwenye kapu."

"Nani kakwambia utie?"

"Yeye mwenyewe kasema nazi haina swali. Wewe ulikuwapo."

Makame aligeukia meza. Juu yake vilikuwapo vifuu na chicha ya nazi ndani ya bakuli. Aliona ushahidi. Akavisomba vyote haraka, akavitia mfuko mweusi, akafungua mlango wa nyuma na kumkabidhi Omondi. "Katupe."

"Kuna nini ndani?"

"Taka."

Omondi akaupima mfuko kwa mkono, akamtazama usoni, akauchukua.

Makame aliporudi, rabi alikuwa ameshaingia kwa mlango wa mbele. Alisimama mbele ya sufuria, miwani imepata ukungu. Aliinama, akazima moto.

"Hii nyeupe ni nini?" aliuliza.

Tatu alifungua kinywa, Makame akamtangulia. "Mimi nimetia tui."

"Wewe."

"Mimi. Nyama ilikosa ladha."

"Tui kutoka wapi?"

Hapo Makame alifikiri haraka, na akafikiri vibaya. Siku zote zile alikuwa ameona kwamba rabi haamini mkono wa mtu. Anachoamini ni kitu kilichofungwa kiwandani, chenye muhuri. Akisema nazi ilivunjwa hapa, ikakunwa, ikakamuliwa kwa mikono, rabi atauliza mikono ya nani. Basi akachagua kilicho safi zaidi machoni pa mtu kama huyo.

"Tui la unga," alisema. "La pakiti, la stoo kuu. Halijaguswa na mtu."

"Niletee pakiti."

Makame akaenda stoo, akaomba pakiti moja mpya ya unga wa tui, ule unaotiwa kwenye kari za jiko kubwa. Njiani alihisi amepona. Rabi aliipokea, akavua miwani, akaisogeza karibu na jicho, akasoma yale maandishi madogo ya nyuma ambayo Makame hajapata kuyasoma maisha yake yote.

"Hapa," alisema rabi, akaweka kidole. "Protini ya maziwa. Wanaweka ndiyo isigande. Basi." Akaiweka pakiti mezani taratibu. "Hii nyama imekwisha. Na sufuria pia."

"Kidogo tu," alisema Makame. "Maziwa kidogo tu."

"Pakiti ngapi?"

Makame hakujua aseme ngapi. Alitaja idadi, kisha akaibadilisha. Rabi akaitazama tena pakiti.

"Uliyachanganya na maji ya moto ama baridi?"

"Baridi. Moto."

"Bwana Makame," alisema rabi, "watu wangu kesho jioni watakula mkate na matango. Hiyo si kitu, hawatakufa. Lakini lazima niambie Shefu kwa nini." Akatoa simu mfukoni.

Tatu alikuwa amejishika kifua, na vidole vyake bado vilikuwa na mafuta ya nazi yanayong'aa. Makame aliiona simu, akamwona Shefu akija, akaiona ile nyumba ya Abu Hamour. Kuficha kwake kusingemsaidia mtoto tena. Lakini kusema nako ndiko kulikompandisha ndege yule mwenzake wa Maskati, na aliyewaita wakati ule alikuwa na sauti hii hii ya upole.

Alilolikumbuka ni kijiko cha yule bibi. Alikuwa amesikia kwa masikio yake jinsi rabi alivyouliza, swali juu ya swali, na kila swali likitafuta mahali pa kupitisha ile supu. Hakuwa akitafuta kosa la bibi. Au pengine huyo alikuwa bibi wa kwao, na watu wa kwao huulizwa hivyo, na wengine vingine. Makame hakuwa na hakika. Akaamua kwenda na nusu hiyo hiyo ya hakika aliyokuwa nayo.

"Nikikwambia jambo," alisema, "utamwambia Shefu aliyelitenda?"

"Mimi sitafuti mwizi. Mimi nataka swali. Ukinipa swali ya uongo, nitakupa jibu ya uongo, na hiyo ndiyo tumefanya sasa hivi."

"Hujanijibu."

Rabi aliishusha simu. "Sitasema jina," alisema. "Lakini pia sitasema uongo. Akiniuliza kitu nitajibu vile iko."

Haikuwa ahadi tamu, na kwa sababu haikuwa tamu Makame aliiamini kidogo zaidi. "Si la pakiti," alisema. "Wala si mimi. Nazi zile za kapu. Mtoto huyu amezikuna."

"Sasa umeniambia mbili," alisema rabi. "Saa hii nishike gani?"

"Vifuu vipo," alisema Tatu.

"Wapi?"

Tatu akamtazama mjomba wake. Makame alihisi uso wake unapata moto. Ushahidi wa kumwokoa mpwa wake alikuwa ameutupa kwa mkono wake mwenyewe. Akafungua mlango wa nyuma.

"Omondi, ule mfuko."

"Uko hapa." Omondi aliuvuta kutoka chini ya kiti chake. "Sikutupa. Bosi wangu alisema taka ya hii jikoni isitoke mpaka aicheki. Na vile ulikuwa na haraka, nikasema hii leo ndiyo ile yenyewe. Nilikuwa nangoja nione bomu." Akaufungua, akachungulia. "Kumbe ni nazi. Mmenihangaisha bure."

Rabi aliumwaga mfuko juu ya karatasi sakafuni, akachuchumaa. Akachukua kifuu kimoja kimoja, akavigeuza. Akachota chicha kwa vidole, ikiwa bado mbichi na vuguvugu, akainusa. Kisha akageuka kwa Tatu, na ikawa kama yule bibi wa supu.

"Ulivunja na nini?"

"Mgongo wa kisu kile kizito. Kipya."

"Ulikuna na nini?"

"Kibati cha karoti, hiki cha humu. Si mbuzi ya kukunia nazi. Mbuzi yangu iko Al Mansoura chumbani, lakini hata ingekuwapo nisingeitumia, imekuna vya kwetu."

Rabi aliinua macho. "Nani alikuambia hiyo?"

"Nimekuona unavyokataa vyombo vya nje. Nikajua."

"Maji?"

"Ya birika hilo hilo."

"Ulichuja na nini? Kitambaa?"

"Chujio la humu. Kitambaa nilikitaka, nikakiacha. Ningekitoa wapi?"

"Kuna kitu ilitoka nje ya hii mlango ikaingia ndani ya sufuria?"

"Hakuna. Chumvi niliongeza kidogo. Ya humu."

Rabi aliinuka, magoti yakalia. Akaenda kwenye sufuria, akainamia, akatazama mafuta ya nazi yaliyoanza kuelea juu kwa vijiduara. Makame aliwaza kwamba mtu huyu anaweza bado kusema lolote.

"Nazi ni tunda," alisema rabi. "Hii nyama inaruhusiwa." Akawasha moto tena kwa mkono wake. "Sheria inataka Myahudi awashe," aliongeza.

Tatu aliketi juu ya ile ndoo bila kuulizwa.

"Lakini kuna ingine," rabi akaendelea, na Makame akajua kwamba lazima kuwe na ingine. "Kesho watu wataona nyama na mchuzi nyeupe. Watasema, rabi ametupikia nyama na maziwa. Ama watakula wakidhani maziwa sasa ni sawa. Ama hawatakula na watanishuku. Sheria yetu inasema, kitu kama hii, weka tunda yenyewe mezani, mtu aone. Kila meza nazi iliyovunjwa, na nyama yake ndani."

"Yaani chakula ni halali," alisema Makame, "na bado mnakitafutia mashahidi?"

"Macho ya watu pia ina haki yake."

Makame alilifikiri neno hilo. Sheikh wa utotoni mwake alikuwa akiwaambia jambo la namna hiyo, kwamba mtu aepuke mahali pa kushukiwa hata kama mkono wake ni mweupe. Hakulisema. Bado hakutaka kumpa rabi kitu chake.

Walikuwa wameshaanza kuchagua nazi Shefu Tannous alipoingia. Alinusa, akafunua sufuria, akatazama.

"Karatasi yangu haisemi hivi."

"Haisemi," alikubali rabi, kwa Kiingereza.

"Nani amebadilisha?"

"Niliulizwa kuhusu tui ya nazi. Nimeruhusu."

"Nani aliuliza?"

"Kwetu anayeuliza hatajwi, Shefu. Anayejibu ndiye anatajwa. Kama kuna lawama, andika jina yangu."

Makame alikuwa ameinama juu ya kapu, lakini masikio yake yote yalikuwa pale. Hakuna neno la uongo katika yale aliyoyasikia. Pia hakuna neno lililosema kipi kilitangulia, tui au swali. Mtu aliyeweza kulisuka jambo hivyo kwa kumsaidia mtu angeweza kulisuka vivyo hivyo kwa kumwangamiza, na Makame akaliweka hilo mahali pa kulikumbuka.

Shefu aliitazama mikono ya Tatu. Ilikuwa inang'aa mafuta mpaka kwenye viganja. Kisha akachukua kijiko, kipya, kilichokuwa kwenye kabati la rabi, akaonja. Akaonja tena.

"Huyu anaosha na kumenya," alimwambia Makame.

"Ndiyo, Shefu."

"Nazi nayo humenywa?"

"Huvunjwa, Shefu."

"Basi kesho aje mapema azivunje. Wageni wakilalamika nitakuja kuuliza tena, na sitamuuliza rabi." Akaweka kijiko, akatoka.

Tatu alivuta kapu karibu yake, akachukua kisu kizito, akaipiga nazi ya kwanza kwenye mshipa wake, akiizungusha mkononi, mpaka ikatoa sauti na maji yake yakaruka. Omondi alikuwa amesimama mlangoni na kikombe. "Hayo maji msimwage, dada. Leteni huku tuyacheki."

"Chukua," alisema Tatu. "Ukifa, si sisi."

Walivunja nazi kadhaa. Nyama ikaiva, rabi akazima moto, Makame akavitoa viazi vya juu akavitenga, na sufuria ikapelekwa kwenye friji. Jua lilikuwa bado liko juu, lakini rabi alitakiwa kupiga simu za maziko. Mtoto wa marehemu alikuwa Kanada, mjane hakutaka kumngoja, na kamati ilikuwa na maoni. Akavikusanya vyombo kabatini, akatoa utepe wake, akafunga kama siku zote. Juu ya friji pia.

Makame alimtazama akiandika zile herufi. "Hata leo?" alisema. "Baada ya yote haya, hata leo hutuamini?"

Rabi alimaliza kuandika kwanza. "Kesho mtu akiniuliza, wewe ulikuwa hapo usiku yote? Nitasema nini? Nitasema Bwana Makame ni mtu mzuri? Atasema, na yule alikudanganya juu ya pakiti?" Akalibana utepe kwa kidole gumba. "Utepe ikiwa nzima, mimi sina haja ya kukufikiria. Nalala. Wewe pia unalala."

Lile la pakiti lilimchoma Makame, kwa kuwa lilikuwa kweli, na lilisemwa bila hasira.

"Nazi zilizobaki?" aliuliza.

"Kesho. Mkitoka hapa mapema mnawahi sala yenu ya Ijumaa, na mimi nawahi yangu." Akawaaga kwa mkono, akatoka, na mlango ukajifunga wenyewe nyuma yake.

Tatu alifagia vifuu. Makame alipanga nusu za nazi kwenye sinia, sehemu nyeupe ikitazama juu, akafunika kwa kitambaa kipya. Kapuni zilibaki nzima, zaidi ya zilizovunjwa. Akaichukua moja, akaitikisa sikioni kusikia maji, akafikiri kama aipige hii tu ya mwisho.

"Mjomba," alinong'ona Tatu.

Nyayo zilikuwa zinarudi kwenye ujia. Mlango ukafunguka, rabi akaingiza kichwa, simu ikiwa sikioni. Akalitazama kabati, akautazama utepe wa friji, akawatazama wao na nazi iliyo mkononi mwa Makame. Akatikisa kichwa kukubali, akaondoka tena.

Omondi akakohoa mlangoni. "Si nilisema? Hata chai haijapoa."

Makame akairudisha nazi kapuni, akavua aproni, akazima taa.